Nani Amlishe Malenga Akiwa Chuoni?

Hivi karibuni nilipanda matatu Nairobi kwenda Nyeri, safari ya kiasi cha kilomita 150. Mimi nimezaliwa na kukulia penye chumvi na minazi, na kila nipandapo sehemu zile, gari likiisha kuipita Karatina, baridi hunikumbusha umri wangu. Safari yenyewe haikuwa ya kazi. Nilialikwa arusi katika mtaa wa Majengo, kwa rafiki yangu wa tangu ujana. Msomaji asiyefika huko huenda akadhani kuwa chini ya Mlima Kenya hapana adhana wala biriani. Avipata vyote viwili, na Kiswahili juu yake.

Siku ya pili, shughuli zilipokwisha, mwenyeji wangu alinijulisha na mwalimu kijana, mwenzake binti yake kazini. Sitamtaja jina. Ni mtoto wa wakulima wa majani chai, Mkikuyu wa baba na mama. Alinipa shikamoo, nami nikamwitikia marahaba, kisha akatoa daftari mkobani. "Mzee," aliniambia, "nimeambiwa wewe ni mtu wa mashairi. Nataka unikosoe, usinionee haya."

Nakiri mbele yenu, wasomaji wangu, kwamba nililifungua daftari lile kwa kiburi cha mtu wa pwani. Nilijitayarisha kuhesabu mizani zilizopungua. Ulikuwa ni utenzi wa beti mia tatu na kitu juu ya bibi yake, aliyehamishwa kwao wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, akatiwa katika kijiji cha kuzungushiwa handaki, akalea watoto humo. Nilitafuta makosa nikayaona, maana hapana kazi isiyo makosa. Lakini nilipofika beti ya arobaini niliacha kuhesabu, nikawa nasoma. Chai yangu ikapoa.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kitabu hiki kitatoka lini?" Akacheka, kisha akanieleza habari ambayo ndiyo iliyonifanya niandike leo.

Alikuwa amejiandikisha shahada ya uzamili ya Kiswahili katika chuo kimoja cha sehemu zile. Mwaka wa kwanza aliulipia kwa mshahara wake wa shule ya binafsi na kwa bonasi ya chai ya mama yake, ile malipo ya pili ambayo wakulima huyangoja mwaka mzima. Mwaka wa pili bonasi ilipungua, na mdogo wake akaingia sekondari. Karo ikamshinda. Aliomba utenzi wake upokewe kuwa ndio kazi ya kumalizia shahada; akajibiwa kuwa taratibu haziruhusu, sharti aandike tasnifu juu ya utenzi wa mtu mwingine. Huku na huku mtu akamwambia kuwa ng'ambo kuna fedha za waandishi wa Kiafrika, tena nyingi, ila kwa wanaoandika Kiingereza. Ndipo aliponitazama akaniuliza, "Mzee, nibadili lugha?"

Sikumjibu. Nilisema maneno ya kumliwaza, kama wasemavyo wazee wasiokuwa na jawabu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza: hivi ni kosa la nani?

Tuanze na serikali, maana ndiko tunakopenda kuanza. Kenya ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Mwezi wa Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya wa kuwagharimia wanafunzi wa vyuo vikuu, wa kumpima kila mmoja kwa uwezo wa nyumba yao, apate sehemu kwa ruzuku, sehemu kwa mkopo, na iliyobaki alipiwe na wazazi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kuwa mfumo ule wakiuka Katiba, na shauri likapanda Mahakama ya Rufani. Watu wamebishana sana juu ya mfumo huo, lakini huyu mwalimu wangu hamo katika ubishi. Mfumo uliwekewa wanaosoma shahada ya kwanza na wa vyuo vya ufundi. Aliyekwisha kupata shahada moja huhesabiwa kuwa amekwisha kufika, na akitaka ya pili, mlango ulio wazi zaidi ni wa mkopo. Na mkopo, ndugu zangu, ni deni. Daktari akikopa atalipa kwa udaktari wake. Malenga atalipa kwa nini, kwa vina?

Kuna na Mfuko wa Taifa wa Utafiti, uliotokana na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Nilipolisoma jina la sheria ile kwa Kiswahili nilifurahi kwa kuliona neno "ubunifu". Furaha yangu haikuchukua muda. Ubunifu uliokusudiwa pale ni wa mitambo na dawa na mbegu. Lugha yetu imetumia neno moja kwa kazi mbili, na fedha zikafuata kazi moja tu.

Basi husemwa: wananchi wajisaidie wenyewe. Na katika jambo hili watu wa mlimani hawana wa kuwafundisha. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, kilikuwa chuo kikuu kamili Desemba 2012, lakini asili yake ni taasisi ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa michango ya harambee. Mwaka 2013 Karatina ikapata chuo kikuu chake, na Chuka pia, na Meru. Mwaka 2016 zikafuata Embu, Murang'a na Kirinyaga. Mtu aweza kuuzunguka Mlima Kenya, na kila mji mkubwa aukutao una chuo kikuu au uko karibu nacho. Majengo yapo. Kinachokosekana ni chakula cha yule aliyemo ndani, akitaka kukaa mwaka mmoja kwenye meza aandike.

Wala si kweli kwamba sehemu zile hazina kisima cha waandishi. Meja Mwangi alizaliwa Nanyuki mwaka 1948. Riwaya yake "Kill Me Quick" ilitoka 1973, na 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mwaka ule ule wa 1974, tuzo hiyo hiyo kwa upande wa Kiswahili ilikwenda kwa mtoto wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, kwa diwani yake "Sauti ya Dhiki" aliyoitunga kifungoni kati ya 1969 na 1972. Mlima na bahari zilisimama jukwaa moja. Lakini tazameni yaliyofuata. Meja Mwangi alialikwa Iowa, Marekani, akakaa huko 1975 hadi 1976 kwenye mpango wa kimataifa wa waandishi, ambao kazi yake ni kumpa mwandishi nyumba, posho na wakati. Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa amemtangulia huko kwa miaka kadhaa. Chuo kile cha Iowa kilikuwa kikisomesha uandishi wa kubuni kwa shahada tangu 1936. Sisi tuliwapa tuzo wote wawili; wakati wa kuandikia tuliwaachia wengine watoe.

Na hapa ndipo penye fundo la maneno yangu. Tuzo si ruzuku. Tuzo humlipa aliyekwisha kukaa na njaa akaimaliza kazi yake. Ruzuku humlisha ili kazi iweze kuanza. Nchi zetu zimejifunza kutoa tuzo, na nazisifu kwa hilo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliasisiwa 2014 na kuanza kutolewa 2015, jumla yake dola 15,000, na siku hizi huitwa Safal-Cornell. Miongoni mwa washindi wa kwanza alikuwa Mohammed Ghassani wa kwetu visiwani. Tanzania nayo imeanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa zawadi zake za kwanza 2023. Haya ni mambo ya kheri. Lakini tuzo humwendea mmoja kati ya mamia, tena baadaye. Hao wengine, na huyo mmoja kabla hajashinda, walikula nini?

Mfano wa aliyepewa mwanzo, si mwisho, uko Nyeri kwenyewe. Wangari Maathai, mtoto wa Ihithe, aliondoka mwaka 1960 na wale wanafunzi waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake; kati ya 1959 na 1963 walikwenda karibu 800. Jumuiya ya wakfu ya jamaa wa Kennedy ilitoa dola 100,000 kwa safari za 1960. Hakuna aliyejua kama yule msichana wa Ihithe angekuja kupata Tuzo ya Nobel 2004. Alipewa kwa sababu alikuwa na akili na hana nauli. Huo ndio maana yake ufadhili: ni kumwamini mtu kabla hajafanya.

Nitaongeza mfano wa pili. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikwenda chuo kikuu cha Leeds, Uingereza, mwaka 1964, akifadhiliwa masomo ya shahada ya pili. Tasnifu hakuimaliza, na shahada ile hakuipata. Alichokiandika huko ni riwaya, "A Grain of Wheat", iliyotoka 1967. Kwa karani wa chuo, yule ni mwanafunzi aliyeshindwa. Kwa Kenya nzima, hapana fedha za masomo zilizotumika vizuri kuliko zile. Naye Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyekwisha kutoa "Rosa Mistika" tangu 1971, alipofika kwenye shahada ya pili Dar es Salaam aliandika juu ya riwaya za Shaaban Robert. Kazi ile ina faida yake, sikatai. Ila twaona mwenendo: mwandishi akiingia chuoni huambiwa aweke kalamu yake mlangoni, aokote ya mhakiki.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana. Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kina shahada ya pili ya uandishi wa kubuni, na kimewapokea walioandika kwa Kixhosa. Ikiwa Kixhosa chafaa, Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi katika Katiba ya Kenya ya 2010, kimekosa nini?

Na sasa nirudi kwenye swali la mwalimu wangu juu ya lugha. Mfuko wa Miles Morland, ulioanza kutoa ufadhili kwa waandishi wa Afrika mwaka 2013, ulimpa mwandishi wa riwaya pauni 18,000 apate kuandika mwaka mmoja. Hizo ni fedha za kumwezesha mtu wa Tetu au wa Lamu kuishi bila ya kuangalia nyuma. Lakini sharti lilikuwa kazi iwe kwa Kiingereza. Siwalaumu. Mwenye mali ndiye mwenye masharti, naye hakuahidi kuitunza lugha yetu. Lawama ni yetu sisi tunaodai kuwa lugha ni yetu, kisha tukawaacha watoto wake wakahesabu pauni na kujiuliza kama wahame.

Kwa maana sisi watu wa pwani, hasa, hatuna udhuru wa kusema kuwa jambo hili ni geni. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, Mwengo wa Athumani aliutunga kwa kuombwa na Sultani wa Pate. Muyaka bin Haji alitunga Mombasa akiwa karibu na Mazrui waliokuwa wakitawala. Lamu, Habib Swaleh alipoasisi Riyadha, walikuja wanafunzi kutoka mbali, wakapata pa kulala na cha kutia tumboni. Wazee wetu waliweka wakfu maduka, nyumba na mashamba ya minazi, mapato yake yaendeshe misikiti na vyuo. Elimu ilikuwa na shamba lake. Sisi tumerithi mashairi, tumeyasahau mashamba yaliyoyalisha.

Hata mimi ni mtoto wa wakfu huo, ingawa mdogo. Nilipokuwa chuoni nikisoma Korani, baba hakuwa na uwezo wa ada. Nilileta kuni na kuteka maji, na mwalimu akaridhika. Nilipoanza kutunga, mwenye duka mmoja wa mtaani alikuwa akinipa karatasi za kufungia sukari, upande mmoja safi. Hakuwahi kuniuliza nimeandika nini. Amekufa zamani, Mwenyezi Mungu amrehemu, wala hakuwa mtu wa vitabu. Lakini kila kilichotoka kwenye kalamu yangu kina mkono wake.

Na kuna mtu wa mlimani ambaye pwani yapasa kumkumbuka. Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapaji wa Karatina, alitiwa kizuizini mwaka 1952, na miongoni mwa mahali alipowekwa ni Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Huko, kwenye mikoko yetu na mbu wetu, aliandika shajara kwa siri. Alipofunguliwa aliweka kiwanda chake cha uchapaji Karatina, akaandika kwa lugha ya mama yake, akachapa mwenyewe, akauza mwenyewe. Shajara ile ilitoka kitabu 1983, na 1984 ikapata Tuzo ya Noma, iliyotolewa kwa fedha za mchapishaji wa Japani. Hesabuni miaka tangu Manda mpaka tuzo. Hakuwa na wa kumgharimia hata siku moja katika miaka hiyo, na tukimsifu bila ya kujiuliza ni wangapi waliokuwa na kipawa chake wasiwe na ugumu wake, tutakuwa tumejifunza nusu ya kisa.

Najua watakaosema: kuandika hakufundishwi, malenga huzaliwa. Nami nawajibu kuwa baharia pia huzaliwa na moyo wa bahari, lakini hupelekwa chomboni, akala chakula cha nahodha mpaka akajua nyota. Wengine watasema: kuna wagonjwa hawana dawa na watoto hawana madawati, wewe wataka kulisha washairi? Hili ni neno zito. Simwambii mtu achukue fungu la maskini katika zaka akanunulie madaftari. Nasema kuwa tuna fedha tunazozitoa kwa ajili ya lugha, kwa makongamano, kwa sherehe za Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai, kwa mabango na fulana. Lau fungu dogo la fedha hizo lingemkalisha mwanafunzi mmoja mezani mwaka mmoja, siku hiyo ingekuwa na kitabu cha kukisomea.

Naona mambo matatu yawezekanayo. La kwanza halina gharama: idara za Kiswahili za vyuo vikuu, huko mlimani na huku kwetu, zikubali diwani, riwaya au utenzi kuwa kazi ya kumalizia shahada ya pili, pamoja na insha ya kuueleza usanii wake. Mwalimu wangu angekuwa nusu ya safari leo hii. La pili, zile fedha za utafiti za taifa zilisome neno "ubunifu" kwa maana zake zote mbili, hata ikiwa ni kwa wanafunzi wachache kila mwaka. La tatu ni letu. Pwani ina wenye majumba, wenye maduka, na walioko Ughaibuni wasiosahau kwao. Mtu aweza kuweka wakfu chumba kimoja cha kupangisha, kodi yake imlipie mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, awe wa Lamu au wa Othaya. Na nasisitiza Othaya. Tukisema lugha ni ya wote siku ya kujigamba, iwe ya wote na siku ya kutoa.

Mwalimu yule nimempigia simu juzi. Anangoja bonasi ya Oktoba. Daftari bado liko mkobani, na fomu ya ng'ambo, ile ya Kiingereza, ameijaza nusu. Aliniuliza tena lile swali lake, kwa upole ule ule. Safari hii nilimwambia, "Mwanangu, nipe siku chache. Nataka kwanza kuwauliza watu wa kwetu." Basi ndiyo haya, nimewauliza. Na kwa kuwa mzee wa mashairi haagi bila ya beti, pokeeni hii:

Kalamu haishi wino, mwenye nayo akishiba,
Humiminika maneno, hata kijae kibaba,
Sifa zisizo mkono, hazimwekei akiba,
Tusingojee mavuno, kupanda kwataka huba.